Buibui wa Madagaska Chini ya Bredäng

Neema, aliyechukua funguo zangu, ameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla hajaja. Alitaka kwanza niandike kwa Kiswidi ili ampe na bosi. Nikamwambia kwamba bosi ana taarifa zake za kila mwaka, na hizo hakuna anayezisoma mpaka mwisho. Haya ni ya watu wa chini: wanaolisha, wanaosugua vioo, wanaobeba magunia ya udongo. Siku hizi wengi wenu mnaelewa Kiswahili, Mkongo kwa namna yake na Mkenya kwa namna yake, kwa hiyo naandika kwa lugha niliyokulia nayo Buyenzi, kule Bujumbura.

Niliingia nyumba ya wadudu binti yangu akiwa shule ya msingi, nikatoka yeye mwenyewe akimpeleka mtoto wake chekechea. Ghorofa ya juu mnaijua: wageni, watoto wanaobandika pua kwenye vioo, duka la kuuza nyuki wa plastiki. Chini ya ngazi ilikuwa kama ilivyo leo, korido moja ndefu na vyumba vya kufugia pande zote mbili. Huko ndiko nilikokaa.

Siku ya kwanza sikuonyeshwa mnyama hata mmoja. Birgitta, mkuu wa vyumba wakati huo, mwanamke mrefu mwenye sweta ya kijivu iliyotoboka viwiko, alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha joto bila kuwasha taa kubwa. Tukasimama. Nilidhani anangoja mtu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Sioni kitu."

"Vizuri. Wengi huniambia wanaona." Akaendelea kusimama. "Sasa niambie ni nini hakipo."

Nilifikiri ni mtihani wa lugha. Nikamwambia sijui hata kilichopo, nitajuaje kisichopo? Akacheka kidogo, kwa pua. Akasema wanyama wetu kazi yao ni kujificha, na ukiingia chumbani kuwatafuta utaona majani tu. Ila ukikifahamu chumba kama unavyolifahamu jiko lako, mtu akihamisha chumvi utajua kabla hujajua unachojua. "Simama mlangoni kila asubuhi," alisema. "Ukishahisi kwamba kuna kitu kimepungua, ndipo uingie."

Nilisimama mlangoni kila asubuhi mpaka siku ya mwisho. Wanafunzi wa mafunzo walidhani nasali. Sikuwasahihisha, maana wakiamini unasali hawakusemeshi.

Sheria yake ya pili ilihusu utando wa buibui wa kawaida kwenye pembe za korido: haufagiliwi. Wale buibui wa miguu mirefu, wanaoishi katika kila jengo la mji huu, walikuwa walinzi wetu. Mdudu akitoroka chumbani, mara nyingi alinaswa hapo, nasi tulisoma tando zile asubuhi kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Kila kampuni mpya ya usafi ilipokuja, Birgitta aliwapeleka mwenyewe kona hadi kona akiwatambulisha. "Huyu ni mwenzetu. Na huyu. Na huyu." Wasafishaji walimwitikia kwa heshima, kisha wakaniuliza mimi kwa Kiswahili kama mama huyu ni mzima.

Vifaa ni vichache, na vingine bado mnavitumia. Brashi ya rangi ya maji, ile nyembamba kabisa, ya kumgusa mnyama ujue kama yu hai. Taa ya kichwani. Chupa ya kupulizia maji, ambayo lazima iwe haijawahi kuwekwa sabuni. Na mrija: bomba mbili za mpira zinazoingia kwenye kichupa, moja unaielekeza kwa mdudu, nyingine unainyonya kwa mdomo, na mdudu anaingia kichupani. Kwenye bomba ya mdomo hufungwa kipande cha chachi ili mdudu asifike kwako. Angalia chachi kabla ya kunyonya. Mimi siku moja niliangalia baadaye.

Nilipokuwa mgeni, kilichonitisha zaidi si sumu, ni maganda. Asubuhi moja nilimkuta buibui mkubwa wa manyoya amesimama mbele ya kioo, miguu yote mahali pake, meno yametokeza. Nilimgusa kwa brashi akaanguka kama karatasi. Alikuwa mtupu. Nikaenda kumwambia Birgitta kuwa buibui amekufa na ndani hana kitu. Tuliporudi, yule mwenyewe alikuwa nyuma ya gome, laini, mpya, mkubwa kuliko jana, akilitazama vazi lake kupitia miguu ya vazi hilo. Tangu hapo siamini kinachosimama kwamba ki hai, wala kinacholala kwamba kimekufa. Mpaka nikiguse.

Nakuja sasa kwa yule mliyekuwa mkiniuliza habari zake wakati wa kahawa.

Aliletwa na Lalao, mtaalamu wa buibui kutoka Antananarivo, mwanamke mfupi aliyevaa makoti mawili na bado akatetemeka. Alikuwa na sanduku lenye vichupa, na ndani ya kila kichupa jani bichi na kitu kama tone la matope. Tone hilo lilikuwa buibui. Jina lake la Kilatini ni refu kuliko yeye mwenyewe, na sisi wa chini tulimwita Shingo. Yeye mzima ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kichwa chake kimepandishwa juu sana, kama mtu aliyenyoosha shingo kuchungulia ukuta wa jirani, na taya mbili ndefu zinashuka kutoka huko juu mpaka chini. Anaishi Madagaska, kisiwa kile peke yake. Na si kisiwa chote, ila msitu fulani, upande fulani wa kilima.

Lalao alitupeleka juu kwenye kabati la kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, kabati tunalowapitisha wageni haraka kwa sababu watoto wanachoka. Humo mna kipande kutoka pwani za bahari hii yetu ya Baltiki, chenye buibui mmoja ndani yake. Nilikuwa nimekifuta vumbi miaka mingi bila kukitazama. Shingo ile ile, taya zile zile.

"Wataalamu waliwajua hawa kwanza," alisema Lalao, akigonga kioo kwa ukucha. "Walipoona sura hii kwenye kaharabu wakasema ni ukoo uliokwisha zamani mno. Baadaye mtu akafungua kichupa kilichotoka kwetu."

"Kwa hiyo walitangazwa wamekufa kabla hawajajulikana kuwa wapo," nikasema.

"Kwa Kifaransa changu ningesema vizuri zaidi," akajibu, "lakini ndiyo."

Chumba cha Shingo kilikuwa kimya kuliko vyote. Vyumba vingine vina nyenje wa chakula wanaolia mchana kutwa. Shingo hali nyenje. Hali nzi, hali mbu. Anakula buibui wenzake tu. Ukifunga mlango ule nyuma yako unasikia mate yako yakishuka kooni.

Yeye hajengi utando. Anazifuata nyuzi za wengine, taratibu, mpaka kwenye ukingo wa utando wa mwenzake. Hapo ananing'inia na kunyamaza. Kisha anagusa uzi kwa mguu, mara moja. Mwenye utando anahisi mtikisiko, anadhani amepata chakula, anakuja. Sijawahi kumwona Shingo akikimbia. Anagusa, anangoja, na mwenye nyumba anakuja mwenyewe kufungua mlango. Taya moja inafunguka upande, inamchoma, inamweka mbali kabisa na mwili, kama mtu aliyeshika nepi chafu, mpaka miguu ikome kutembea hewani. Akimaliza, anaacha ganda likining'inia kwa uzi mmoja, nje kidogo ya utando. Utando wenyewe haugusi. Unabaki mzima, safi, hauna mtu.

Basi tulihitaji buibui wa kulisha buibui, wadogo, kila wiki, majira yote. Nilikuwa naishi Bredäng, mtaa wa magorofa pembezoni mwa mji, na bado naishi huko, na mtunza majengo wetu alikuwa Papa Deo, mtu wa Uvira, tuliyeimba naye kwaya moja. Yeye ndiye mwenye funguo za källare zote za mtaa wetu, zile ghala za chini ambapo kila mpangaji ana kizimba chake cha mbao na waya cha kuwekea skii, matairi na masanduku ya safari. Nilimkuta akibadilisha taa kwenye ngazi.

"Papa Deo, nahitaji buibui."

"Ya kufanya nini, Mama Goreth? Wewe ni mukristo."

"Ya kulisha buibui mwingine."

Akashuka ngazi polepole. "Buibui inakula buibui?"

"Huyu hali kitu kingine."

"Mon Dieu. Na batu banalipa kodi juu ya iyo kitu."

Lakini alikubali, na kwa malipo akataka tiketi tu za wajukuu wake kuingia kwetu. Alikuwa mwindaji mzuri. Alileta vichupa vyake Jumatatu, kila buibui na kijiti chake kikavu cha kushikilia. Birgitta aliviheshimu sana vijiti vile. Buibui anatulia upesi kwenye kijiti chenye nyuzi za zamani kuliko kwenye kijiti kipya, kwa hiyo havikutupwa. Tulivitumia kwenye matangi ya Shingo, vikajaa nyuzi, tukavitoa, tukavikagua kwa kioo cha kukuzia, tukavirudisha kwenye vichupa, na Deo akarudi navyo Bredäng kukamata wengine. Miaka mitatu tulifanya hivyo.

Mwaka wa nne tulikuwa na jike mmoja tu aliyebeba mayai. Huwa anakibeba kifuko chake mguuni, mguu wa nyuma, kama mama anayetembea na mfuko wa ununuzi. Wengine walikuwa madume wazee au majike wasiozaa. Wiki ile ile Lalao alipiga simu ya video. Alikuwa amevaa koti moja safari hii, na nyuma yake kulikuwa na kilima chenye rangi ya majivu. Aliigeuza simu pole pole ili tuone pande zote. Hakusema moto ulianzaje wala sisi hatukuuliza.

"Msitu wa pili, ng'ambo ya bonde, bado uko," alisema. "Una ulinzi. Nikipata watoto wa jike huyo nitawapeleka huko. Nisipowapata, basi. Mlio nao nyinyi ndio wote ninaowajua."

Birgitta akamwambia, "Atazaa."

Jumanne nilisimama mlangoni kama kawaida. Chumba kilikuwa na joto lake, unyevu wake, taa yake ndogo. Nilisimama muda mrefu kuliko siku zote. Kisha nikaenda kumwita Birgitta, na nikamwambia bado sijafungua tangi lolote lakini jike wetu ameondoka.

Tulitafuta siku mbili. Tuliziba mlango kwa mkanda, tukapekua kila jani juu ya shuka jeupe. Tulisoma tando za korido kona moja baada ya nyingine, na walinzi wetu wote walikuwepo, wamenona, hawana habari. Birgitta alipekua mpaka mfuko wa sweta yake. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na nilimwona ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilitazama tangi tupu. Hakumpigia Lalao.

Alhamisi asubuhi, bado niko nyumbani navaa viatu, simu ikalia.

"Mama Goreth, kuna kitu inakula buibui yangu."

"Nini?"

"Kwa källare. Nilikuwa nazipanga vizuri, kila moja kwa kona yake, mi najua kila moja. Sasa kona ni tupu. Nyumba iko, mwenyewe hayuko. Iko tu..." Akatafuta neno. "Iko tu nguo yake, imening'inia inje. Kwa uzi moja. Wapangaji banasema ni mambo ya uchawi. Mama wa ghorofa ya tatu amemwaga chumvi."

Nikakaa chini na kiatu kimoja mguuni. Nikaviona vijiti vyetu vile Deo alivyoondoka navyo Jumatatu, tulivyovikagua wote watatu, mmoja baada ya mwingine, Birgitta, Deo na mimi. Shingo mchana hasogei. Juu ya kijiti kikavu anafanana na uchafu wa kijiti.

"Papa Deo, usifagie. Usiguse kitu. Nakuja na Birgitta."

"Mukuje mbio," alisema. "Saa nne kuna mutu wa dawa ya mende. Anapuliza jengo zima."

Birgitta alifika kwa treni na mkoba wake wa vifaa, sweta ndani ya koti. Hakuwahi kufika Bredäng, akasema misonobari yetu ni mizuri. Tulishuka ngazi za zege.

Mnaoishi majengo ya namna ile mnajua taa zake. Unabonyeza kitufe chenye kidoa chekundu, taa inawaka, na baada ya muda inazima yenyewe, kama jengo limeamua kwamba huna tena shughuli huko. Vizimba vimepangwa safu mbili. Juu ya kila nguzo palikuwa na utando. Nilivimulika kwa taa ya kichwani, kimoja baada ya kingine. Utando mzima, safi. Nje yake, kwenye uzi mmoja, ganda. Utando mwingine. Ganda. Hewa haikuwa ikitembea, na bado yale maganda yalikuwa yakigeuka polepole, yakituonyesha mgongo, kisha tumbo, kisha mgongo.

Taa ikazima. Deo akarudi kubonyeza.

"Usimtafute yeye," Birgitta aliniambia kwa sauti ya chini. "Hutamwona. Gusa waliokosekana."

Nilimwelewa. Karibu na rafu ya vichupa vya Deo niligusa ganda kwa brashi likawa unga. Safu ya katikati, ganda lilipasuka. Mwisho wa safu, mguu ulipinda kidogo kabla haujavunjika. Kila tulivyosogea mbele waliokufa walikuwa wabichi zaidi, na mbele ilikuwa ni mlango wa chumba cha kufulia.

Ndani mlikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi na mashine mbili zinazozunguka.

"Nina zamu," alisema kabla hatujamsalimu.

"Tunatafuta buibui tu, bibi," nikamwambia.

"Tafuteni. Lakini mashine ni zangu mpaka saa sita." Akarudi kwenye fumbo lake la maneno gazetini.

Juu ya sinki, utando mtupu, na ganda lake. Nililigusa. Miguu yote minane ilijikunja laini, ikajikunjua. Kutoka pale uzi mmoja ulikwenda ukutani, ukapita juu ya mlango wa chumba cha kukaushia, ukaingia. Mle ni giza, joto na unyevu, na shuka za bibi zilikuwa zimetundikwa safu kwa safu. Birgitta alisimama mlangoni. Nami nikasimama. Hata siku ile, na mtu wa dawa yuko njiani, tulisimama.

Alikuwa nyuma ya bomba, ananing'inia kichwa chini. Taya moja imefunguka upande na kumshika buibui mdogo mbali na mwili, vile vile kama alivyokuwa akifanya kwetu. Nilimsogezea brashi. Nilimgusa. Akazunguka kwenye uzi wake kama wale wengine wote, mgongo, tumbo, mgongo. Alikuwa mwepesi. Kifuko mguuni mwake kilikuwa kimechanika, na ndani hamna kitu.

"Tumechelewa," nikasema.

Birgitta alisogea karibu. Alikuwa ametazama ukuta ulio nyuma ya bomba, ule wenye madoa ya rangi iliyobambuka. Nikaweka kioo cha kukuzia kati yangu na ukuta.

Kila doa lilikuwa na shingo.

Walikuwa wadogo kuliko ufuta, hawasogei hata mmoja. Wamepangana kutoka kwenye bomba mpaka darini, na wote, sijui kwa nini, walikuwa wameelekea upande wetu. Nilitia mrija mdomoni. Naapa niliangalia chachi. Nikaanza kunyonya mmoja mmoja, kwa pumzi ya mtu anayepoza chai ya mtoto, maana ukivuta kwa nguvu unawaua. Birgitta alivibadilisha vichupa na kuweka jani lenye unyevu katika kila kimoja. Nyuma yetu mashine za bibi ziliingia kwenye kukamua, ukuta ukatetemeka, na madoa yote yakanyanyua mguu mmoja wa mbele, pamoja, yakaushusha.

Huko nje nilimsikia Deo. Mtu wa dawa alikuwa amefika, kijana mwenye tangi mgongoni na vipokea sauti masikioni.

"Kahawa kwanza," Deo alikuwa akimwambia kwa Kiswidi chake.

"Nimeshakunywa."

"Huku umekunywa wapi? Hii ni ya Kivu. Kaa."

Kijana akakaa. Hapa huwezi kumkatalia mtu kahawa mara mbili. Deo akamwuliza habari za mama yake, za gari lake, za timu anayoishangilia, kisha akaanza kumsimulia harusi yake mwenyewe tangu siku ya posa. Nilisikia kikombe cha pili kikimiminwa. Mke wa Deo alikuwa bado hajafika kanisani kwenye simulizi hiyo kijana aliposimama na kusema ana majengo mengine.

Alichungulia chumba cha kukaushia, akaona wanawake wawili wazima, mmoja na bomba mdomoni, wananyonya ukuta.

"Mnakusanya vumbi?"

Birgitta alimweleza yote kwa adabu. Kijana alisikiliza kwa adabu pia. Akasema ni jambo la kusikitisha, lakini kazi yake ni jengo zima pamoja na chumba cha kufulia, na akiacha chumba kimoja mende watahamia humo na mwezi ujao ataitwa tena. Alichoweza kutupa ni muda tu: yeye angepulizia vizimba kwanza. Tulifanya kazi kwa muda wote huo. Aliporudi, wengi tulikuwa nao vichupani, ila kule darini, nyuma ya tundu la hewa, bado niliona madoa. Mikono yangu haikufika. Bibi alikusanya shuka zake akinung'unika, tukatoka, kijana akafunga mlango na kujifunika uso. Tulisimama koridoni tukisikia ule mvumo. Taa ikazima. Hakuna aliyekwenda kubonyeza.

Wengi wa wale watoto walikufa utotoni, kama Lalao alivyotuonya. Tuliwalisha buibui waliotoka tu mayaini, karibu wasionekane kwa macho, mpaka macho ya Birgitta yakawa mekundu kila jioni. Wachache walikua. Birgitta aliahirisha kustaafu kwake kwa ajili yao. Alimtia mama yao kwenye kichupa cha alkoholi, na ilipofika kuandika mahali alipopatikana, aliizungusha kalamu kwa muda. Mwishoni aliandika jina la kilima kile, na chini yake, kwa herufi ndogo, Bredäng.

Lalao alikuja kuwachukua na makoti matatu. Baadaye alitutumia picha kutoka msitu wa pili: majani mabichi, gome lenye kuvu, kivuli. Niliikuza mpaka ikawa miraba ya rangi. Nikamwandikia kwamba sioni kitu. Akajibu neno moja, "Vizuri," na nilijua amezungumza na Birgitta.

Mengine ya kuwaambia wadogo zangu wa chini ni haya: osheni chupa za maji kwa maji matupu, msigombane na wasafishaji, na vijiti, siku hizi, vinapitishwa kwenye friji kabla havijatoka. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yetu. Mimi nilirudisha funguo, nikala keki, nikapewa ua la chungu, nikaenda nyumbani.

Sasa nina muda wa kufua mchana. Juma lililopita nilishuka na shuka zangu kwenye zamu yangu, nikafika mlango wa chumba cha kufulia, na miguu ikasimama yenyewe. Mazoea. Nikajicheka. Mashine zilikuwa zimelala. Hakuna mtu. Nilitazama ndani, sikuona kitu.

Kisha nikajiuliza ni nini hakipo.

Juu ya sinki kuna buibui wa miguu mirefu ninayemfahamu tangu majira ya kuchipua. Deo hamfagii, ni heshima kati yetu. Utando wake ulikuwepo, mzima, safi. Nje yake, kwenye uzi mmoja, kitu kidogo kilikuwa kikigeuka, mgongo, tumbo, mgongo. Sikuwa na brashi, kwa hiyo niliinyoosha ncha ya shuka nikakigusa.

Miguu ikajikunja laini, ikajikunjua.

Taa ikazima. Nilibaki pale gizani, nikitazama kidoa chekundu cha kitufe. Kutoka upande wa chumba cha kukaushia, kitu chepesi kama unywele kilinigusa shavuni, kikakaza, kikatikisika mara moja.

Neema, mrija wangu niliuacha kwenye droo ya kushoto, chini ya glavu. Angalia chachi kwanza, kisha uje. Zamu ya kufulia nimeiweka kwa jina langu wiki nzima, na majirani wameanza kulalamika.